Uma Mkavu

Siku ya kumi na tisa tangu nimtie klachi mpya
Bi Thuwaiba amerudi. Hakupiga honi.
Alizima pikapu mlangoni mwa gereji, akaiwasha tena,
akaniambia, "Sikiliza mwenyewe."

Sanaiya ya Ibra, saa nne asubuhi,
spana ukiisahau juani inakuachia alama kiganjani.
Jirani anagonga bati la mlango wa mtu.
Nikamwomba anyamaze kidogo.

Gia huru, mguu juu: kuna mvumo wa chini,
kama mtu anayenong'ona dua ukutani.
Kanyaga, Bi. Mvumo ukakoma,
na papo hapo kikaanza kilio chembamba,
kwiii, cha bawaba ya mlango wa choo.
Achia. Kanyaga. Achia.
Kelele moja inakufa anapokanyaga, nyingine inazaliwa.
Mbili, na mimi nilikuwa na jibu moja.

Jibu lenyewe nililipanga tangu alipokata kona:
ni mguu wako, Bi, unaupumzisha juu ya pedali
kama umekaa barazani.
Ndivyo tunavyowaambia wote.
Mara nyingi ni kweli.

Akanitazama.
"Nimezalisha wanawake kutoka Mudhairib
hadi mchangani kwa Mabedui,
kwa klachi moja, miaka kumi na minne.
Yako haikumaliza mwezi. Mguu ni uleule."

Riponi akacheka,
kisha akakumbuka nani anamlipa, akaenda kutafuta jeki.

Giaboksi tuliishusha baada ya adhuhuri,
mimi chini, chuma kifuani, jasho machoni.
Diski: unene wake upo, haina tone la mafuta.
Presha pleti: vidole vyote, ila vimeng'ara upande.
Beringi nikaizungusha karibu na sikio. Ikakwaruza.
Ya siku kumi na tisa, nayo imelika upande mmoja
kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea.

Basi nikaufuata uma.
Pale unapoegemea gololi palikuwa pakavu,
pana vumbi jekundu la chuma kilichosuguana na chuma.
Na kibanio chake, kipande cha waya
kisichozidi ukucha, hakikuwapo.

Nilijua kilipo.
Ilikuwa Alhamisi, mteja wa Sinaw anapiga simu mara ya nne,
kopo la grisi liko ndani, mimi nimelala chali nje.
Nikajiambia, safari hii itapita.
Kibanio kilikuwa kwenye mkebe wa maziwa,
pamoja na boliti zilizobaki za magari ya watu
ambao, alhamdulillahi, hawajarudi.

Nikatoka chini ya gari.
Ningeweza kusema beringi ni feki, soko limeharibika.
Kinywa kilishafunguka kwa maneno hayo.
Nikasema, "Ni mimi. Sikutia grisi."

Hakusema kitu cha kunisamehe.
Aliuliza itakuwa tayari saa ngapi,
akafungua chupa yake ya kahawa,
akammiminia Riponi kwanza.

Beringi mpya kwa pesa yangu. Kibanio mahali pake.
Grisi kiasi cha punje ya dengu, maana ikizidi
huruka ikaiharibu diski, nawe unarudi mwanzo.
Kanyaga, Bi.
Kimya.
Achia. Ule mvumo wa chini ukarudi.

"Huo ni wa giaboksi," nikasema, "beringi ya mbele imechoka.
Ulikuwepo siku zote. Klachi ya zamani
ilikuwa inaufunika kwa makelele yake."
"Utanilaza njiani?"
"Si mwaka huu."
"Basi uache."

Akatoka kwa gia ya kwanza, laini, akatia ya pili.
Nikasimama na tambara mkononi
nikimsikiliza hadi mzunguko wa barabara ya Sur,
ya tatu, nadhani niliisikia ya tatu,
kisha jirani akaanza tena kugonga bati lake.